Nani Anaozesha?

Asubuhi pale Soko la Samaki Feri, Dar es Salaam, mnunuzi mzoefu hapotezi muda kumuuliza mchuuzi samaki huyu kavuliwa lini. Humfunua shavu kwa kidole gumba atazame kama bado ni jekundu, humbonyeza mgongoni aone nyama inarudi au inabaki na shimo, kisha huinama na kunusa. Jicho lililozama na kufanya utando mweupe humalizia hukumu. Bei hushuka papo hapo, na mchuuzi naye habishi sana, maana pua anayo.

Anachonusa ni trimethilamini. Mwilini mwa samaki wa baharini mna kemikali isiyo na harufu inayomsaidia kuhimili chumvi na shinikizo la maji. Samaki akifa, bakteria huanza kuila, na mabaki ya mlo wao ndiyo shombo inayotuvamia puani. Samaki wengi wa maji baridi wana kidogo sana ya kemikali hiyo, ndiyo maana wakiharibika hawanuki kama changu wa Kilwa. Papa ana mkasa wake. Damu na nyama yake vimejaa urea, ile ile iliyomo kwenye mkojo, na bakteria huigeuza kuwa amonia. Ukipita karibu na papa ng'onda sokoni macho huwasha. Mgeni wa bara huziba pua na kusema kitu hiki kimeoza. Mtu wa pwani anahesabu ni nazi ngapi zitatosha mchuzi.

Lakini pua nayo hudanganyika. Jodari aliyekaa juani saa chache hujaa histamini kabla hajaanza kunuka, na histamini haiondoki hata umkaange mara mbili. Mlaji huwashwa, uso ukamwiva, kichwa kikamgonga, akaapa kwamba ana mzio wa samaki. Hana. Amekula kazi ya bakteria waliotangulia mezani.

Kwa muda mrefu sana wanadamu hawakujua kwamba kuoza ni kazi, wala kwamba ina mfanyakazi. Wazee wetu walijua kwamba samaki mmoja akioza huwaozesha wenzake, na wachuuzi humtoa tengani haraka kwa sababu hiyo. Kwingineko wasomi waliamini kwamba nyama huoza kwa asili yake tu, na kwamba ule uozo wenyewe huzaa funza. Mwaka 1668 tabibu wa Italia, Francesco Redi, aliweka nyama kwenye vyombo. Vingine aliviacha wazi, vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Zote ziliharibika, ila funza walionekana kwenye vile tu ambavyo nzi waliweza kuingia. Kwenye vile vingine nzi walitaga juu ya kitambaa. Karibu karne mbili baadaye Louis Pasteur alichemsha mchuzi ndani ya chupa zenye shingo ndefu iliyopinda. Hewa iliingia, vumbi likanasa kwenye kona ya shingo, na mchuzi ukakaa bila kuchacha. Chupa ikivunjwa shingo, siku chache tu mchuzi umeharibika.

Tangu hapo swali la kuuliza mbele ya kitu kilichooza si "kwa nini kimeoza" tu, bali pia "nani ameozesha, na nani alimfungulia mlango?" Nitalitembeza swali hilo kwenye sura hii yote, kwa sababu naona tumelisahau mahali linapohitajika zaidi.

Chukua muhogo mchungu. Katika nchi za Kongo, na katika sehemu nyingi za Tanzania, wakulima huupanda kwa makusudi. Nyani na nguruwe huuogopa, mwizi hautamani, na hukaa ardhini muda mrefu ukisubiri njaa. Uchungu wake unatokana na kemikali iitwayo linamarini. Ndani ya seli za muhogo linamarini imetengwa na kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Seli zikipasuka, viwili hivyo hukutana, na matokeo yake ni sianidi.

Dawa yake ni kuuozesha. Wanawake wa Kongo huloweka mihogo mtoni au kwenye madimbwi, kwa kawaida siku tatu. Bakteria huingia, hulainisha kuta za seli, linamarini na kimeng'enya chake hukutana mpaka mwisho, na sianidi hutoka, nyingine ikienda na maji na nyingine ikipaa hewani wakati wa kuanika. Muhogo unaotolewa majini ni laini kiasi cha kusagika kwa vidole, na una harufu ambayo asiyeizoea atasema ni ya kitu cha kutupwa. Huo ndio unaotwangwa, ukaanikwa, ukawa unga wa fufu, au ukafungwa kwenye majani ukawa chikwange. Kanda ya Ziwa huku kwetu wanao udaga, ambao huvundikwa hadi uote ukungu kabla ya kukaushwa. Hakuna maabara iliyowafundisha akina mama hao. Walihesabu siku kwa ncha za vidole.

Sasa tazama kilichotokea walipoharakishwa. Katika eneo la Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopatikana, muhogo ukawa biashara. Malori yalikuja, jiji lilikuwa na njaa, pesa ilionekana. Baadhi ya familia zikapunguza siku za kuloweka hadi moja. Muhogo ulitoka mgumu kidogo lakini mweupe, na ukauzika. Watu waliokula huo huo, wakiwa hawana maharage wala samaki wa kutosha, walipata konzo. Mtoto au mama kijana anaamka asubuhi miguu imekakamaa, magoti yamegongana, na haitanyooka tena maisha yake yote. Ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina konzo ni la Wayaka, wenyeji wa huko. Wilayani Tarime ulionekana miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu walipolazimika kula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha.

Miguu ya watoto hao ililemazwa na uozo uliokatizwa kabla ya wakati. Natamani kila anayehubiri usafi wa chakula aanze na habari hii. Wapo maofisa waliowahi kuwatazama wanawake wenye vidimbwi vya muhogo wakaona uchafu tu.

Upande wa pili wa jambo hili upo, na unaua zaidi. Mwaka 2004, katika Ukambani, Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu walianza kuugua macho ya manjano na matumbo kujaa. Waliothibitika kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Mfanyakazi hapa ni kuvu anayeitwa Aspergillus flavus, na sumu anayoacha Watanzania wanaiita sumukuvu. Haina harufu. Haina ladha. Kupika hakuiondoi, na kukoboa huipunguza tu. Kule Uingereza ilijulikana mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Kwa muhogo pua inaona uozo ambao ni salama. Kwa mahindi haioni uozo unaoua ini.

Na kuna mahali ambapo wafanyakazi hawa wamezuiwa kabisa. Katikati ya bonde la Kongo, nchi mbili za Kongo zikipakana, kuna kinamasi ambacho mwaka 2017 watafiti walikieleza kuwa na eneo la kilometa za mraba 145,500 za mboji-maji. Majani na matawi yaliyoanguka humo yalizama kwenye maji yasiyo na oksijeni, bakteria na kuvu wakashindwa kumaliza kazi, na kaboni ikajilimbikiza kwa maelfu ya miaka hadi kufikia tani bilioni 30 hivi. Kinamasi hicho kikikaushwa kwa mifereji, hewa itaingia na kazi itaendelea pale ilipoishia. Kaboni hiyo itapanda angani. Dunia nzima ina maslahi katika uozo ule kuendelea kulala.

Binadamu naye amejaribu kuusimamisha, hasa kwa ajili ya wafu wake. Waislamu wa pwani hawajaribu. Maiti huoshwa, hutiwa kafuri, huvikwa sanda na kuzikwa siku hiyo hiyo ikiwezekana, akilazwa ubavu wa kulia kwenye mwanandani, uso ukielekea kibla. Hakuna kinachowekwa kumkinga na udongo ila vibao vya kuziba mwanandani. Bara mambo ni mengine. Mtu akifia Dar es Salaam na kwao ni Bukoba au Moshi, watoto wako mbali, michango haijatimia, kamati ya mazishi ndiyo kwanza imekaa. Mwili hupelekwa mochwari na kuchomwa dawa. Dawa hiyo ni formalini, ambayo hufunga protini za mwili kwa namna ambayo bakteria hawawezi kuzitafuna. Kwa maneno mengine, familia hununua muda.

Muda huo unaweza kuwa mrefu. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe kwenye shamba lao karibu na jiji. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Wajaluo. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano na siku tatu baada ya kufa. Wakenya wanaikumbuka kesi hiyo kwa mabishano ya mila, ndoa na haki za wanawake. Mimi huikumbuka pia kwa sababu mambo hayo yote yasingepata nafasi ya kusikilizwa kama pasingekuwa na majokofu na formalini. Katika karne iliyotangulia, maiti mwenyewe angewalazimisha wakubaliane siku ya pili.

Mpaka hapa kila uozo umekuwa na mfanyakazi: bakteria, kuvu, nzi, vimeng'enya. Upo mmoja usio naye, nao ni wa atomu.

Mwaka 1902, mjini Montreal, Ernest Rutherford na Frederick Soddy walitangaza jambo ambalo wanakemia wenzao walilisikia kwa shida: elementi zinazotoa mionzi zinageuka kuwa elementi nyingine. Hakuna anayezigusa. Ukichukua atomu moja ya potasiamu-40, hakuna mwanasayansi atakayekuambia itaoza leo au baada ya miaka bilioni mbili, wala si kwa sababu vyombo vyake ni duni. Haina dalili ya uzee. Ile iliyodumu tangu dunia iumbwe haijachoka kuliko iliyotengenezwa juzi. Uipashe moto au uigandishe, haijali. Lakini ukizikusanya nyingi, kundi zima lina mwendo usiopotoka: nusu yake itakuwa imeoza baada ya miaka bilioni 1.25. Muda huo ndio nusumaisha. Kwa kaboni-14 nusumaisha ni miaka 5,730 tu, na Willard Libby alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kuitumia kupima umri wa mifupa, mbao na makaa.

Tanzania ilinufaika mapema na saa hii ya atomu. Tarehe 17 Julai 1959, kwenye Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichomoza kwenye mteremko. Fuvu hilo walilipa jina Zinjanthropus. Mumewe, Louis, alilikadiria kuwa na miaka 600,000 hivi, na hata hiyo ilionekana mingi. Kaboni-14 haikufaa, kwa kuwa baada ya miaka 50,000 hivi inayobaki haitoshi kupimika. Ila fuvu lilikuwa karibu na tabaka la majivu ya volkano. Volkano inapolipuka, gesi ya argoni iliyomo kwenye mawe yaliyoyeyuka hutoroka. Jiwe likiganda, saa inaanza upya kutoka sifuri. Potasiamu-40 iliyomo huoza, sehemu yake ikigeuka argoni, nayo hunaswa humo. Jack Evernden na Garnett Curtis wa Berkeley waliipima argoni hiyo, na mwaka 1961 wakatangaza miaka milioni 1.75. Umri wa ukoo wa binadamu ukarefuka karibu mara tatu kwa makala moja.

Kwa hiyo zipo aina mbili za uozo. Mmoja una mwenye kuufanya, unaweza kuharakishwa, kucheleweshwa, kuelekezwa, hata kuliwa kwa mchuzi wa nazi. Mwingine hauna mhusika, hausikii dua wala dawa, na kazi iliyobaki kwetu ni kuuhesabu. Ugomvi wangu na waandishi wa historia na siasa ni kwamba, wanaposema taifa au ustaarabu umeoza, huongea kana kwamba ni wa aina ya pili.

Wapo waliokuwa makini. Ibn Khaldun, akiandika Muqaddimah mwaka 1377 katika ngome huko Algeria ya leo, alisema dola kwa kawaida huishi vizazi vitatu, cha miaka 40 kila kimoja. Wengi humnukuu kwa hesabu hiyo, kama vile alikuwa amepata nusumaisha ya wafalme. Lakini soma anachokieleza. Kizazi cha kwanza kimeunganishwa na shida, cha pili kimeonja raha, cha tatu kimesahau kilichowaunganisha. Anasa zinapanda, kodi inapandishwa kuzilipia, wakulima na wafanyabiashara wanakata tamaa, hazina inapungua. Kila hatua ina mtu anayeamua jambo. Linganisha na Max Nordau, daktari aliyetoa kitabu cha Entartung mwaka 1892 akidai kwamba wasanii wa Ulaya wa wakati wake walikuwa wagonjwa, damu na mishipa yao imeharibika. Hapo hakuna uamuzi wala sera, ni maumbile tu. Mwaka 1937 Wanazi waliandaa maonyesho mjini Munich kwa neno hilo hilo, wakizitundika picha walizozichukia ili zizomewe. Nordau mwenyewe, aliyekuwa Myahudi, alikuwa amefariki tangu 1923. Ukishakubali kwamba watu fulani ni uozo, hubaki unajadili njia ya kuwaondoa tu.

Kwetu pwani tuna Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inayoyatazama magofu ya Pate na kuuonya moyo wa mshairi juu ya dunia. Kama waadhi sioni utenzi wa Kiswahili unaoupita. Kama maelezo ya kuanguka kwa Pate hautoshi, na wala haukukusudiwa kutosha. Pate ilidhoofishwa na vita na fitina za urithi, ikashindwa katika vita vya Shela mnamo 1812, na biashara ikahamia Lamu kisha Unguja. Wapo waliofanya hayo, na wengi wao tunawajua kwa majina.

Hata jengo haliozi lenyewe. Ingia kwenye nyumba kuukuu ya Mji Mkongwe, Unguja, utazame dari. Utaona boriti za mikoko zimepangwa kwa karibu, na utaona kwamba chumba ni chembamba, maana upana wake uliamuliwa na urefu wa mkoko. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hunywa maji na kuyatoa. Mti mkavu wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauliwi na kuvu, na boriti ya namna hiyo hudumu karne. Sasa bati la paa litoboke na mtu aahirishe kuliziba. Maji yanashuka ukutani hadi pale ncha ya boriti ilipochimbiwa. Au fundi apake saruji juu ya chokaa ili ukuta uonekane mpya. Unyevu unafungiwa ndani. Kuvu wanaanza kula ncha hiyo gizani, wakati sehemu inayoonekana chumbani bado ni ngumu na imepakwa rangi vizuri. Siku sakafu itakapoanguka watu watasema nyumba ilikuwa nzee.

Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu kubwa ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Sehemu nyingine ilikuwa imeshadondoka mwaka 2012. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka minane.

Ndiyo maana sifurahii kusikia kwamba "nchi imeoza" au "maadili yameoza", hata msemaji akiwa na hasira ya haki. Kauli hiyo humpumzisha kila mtu. Aliyechukua fedha za dawa anageuka kuwa sehemu ya hali ya hewa, na aliyepaswa kumkagua naye vile vile. Uozo wa ofisi za umma ni wa boriti, si wa potasiamu. Kuna paa lililotoboka, kuna tarehe lilipotoboka, kuna barua iliyoomba lizibwe na kuna meza ambayo barua hiyo ilikaa.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili, na Kenya wanayo ya kwao. Ni hati ya umma na inapatikana kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Inataja taasisi, kiasi cha fedha, mwaka, na mapendekezo ya miaka ya nyuma ambayo hayakutekelezwa. Ni ndefu na inachosha. Tafuta ukurasa wa halmashauri yako, uusome, kisha mpigie diwani wako.